Chai ya Walter na Faili la Kaunti

Naandika haya kwa Kiswahili makusudi. Ninyi vijana mliobaki kwenye zile nyumba za Woodbridge mliniomba niwaachie maneno machache ya kazi, na meneja akapendekeza niyaandike kwa Kiingereza ili kila mtu afaidike. Nilimshukuru, kisha nikaanza kujiuliza huyo kila mtu ni nani. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa upande mmoja au mwingine wa faili, na sijaona faili likinenepa kwa faida ya aliyeandikwa ndani yake.

Nilistaafu mwaka jana. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa fupi, na ile saa ya ukutani mliyonipa imeshasimama. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilipandishwa mara moja tu, nikaongezewa ufunguo mmoja.

Kabla ya Amerika nilikuwa bwana afya kule Kisii. Nilikagua mabucha, hoteli na vyoo vya shule. Nikitokea kwa mlango wa mbele, mtu alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma na sufuria ambayo hakutaka niione. Sakafu nyingi nilizikuta zimepigwa deki asubuhi hiyo hiyo, bado mbichi, na mwenye hoteli akinisogezea kiti: "Karibu chai, daktari." Nimekunywa chai nyingi kwa njia hiyo, na kila kikombe nilikishuku. Niliyemkuta na uchafu nilimfungia. Niliyemkuta safi nilimwacha aendelee na biashara yake. Shikeni hapo, kwa sababu kosa langu kubwa lilitoka hapo.

Mke wangu ni nesi, naye ndiye aliyetangulia kupata kazi huku. Nilimfuata mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukapanga nyumba Alexandria, jimbo la Virginia, upande wa West End, ghorofa ya tano. Vyeti vyangu vya afya vilitazamwa kwa heshima kubwa na kurudishwa kwenye bahasha. Mtu wa kanisani akanielekeza kwa kampuni ya kutunza watu wazima wenye ulemavu wa akili. Kampuni ilikuwa na nyumba za kawaida mitaani, watu watatu watatu, na kaunti ndiyo iliyolipia huduma zao. Nilianza safari ya kila alfajiri, basi mbili kuteremka barabara kuu ya I-95 hadi Woodbridge.

Siku ya kwanza nilipokewa na Bi Saumu, mama wa Tanga, mwembamba, mwenye mtandio usioteleza hata akiinua mtu kutoka bafuni. Aliponikuta jikoni nilikuwa nimeshafungua friji, nikinusa maziwa.

"Mzee Makori, huku hukuja kukagua," akaniambia. "Huku umekuja kukaa na watu."

"Tarehe ya haya maziwa ni ya jana."

"Basi yamwage, halafu njoo umsalimie Walter. Yuko mlangoni anakuona unampita."

Kila ninachokijua cha kazi hii alinifundisha yeye. Kipimajoto cha maji ya kuoga kitumike kila siku, hata kama mkono wako unajiamini. Ule mkanda mpana wa kumshikia mtu anapotembea hufungwa juu ya shati, sio juu ya ngozi. Kabati la dawa lina funguo mbili, na ukisahau moja nyumbani usijitie ujanja na bisibisi, mimi nilijaribu. Na kitabu cha zamu, kile cha jalada jeusi, alikigonga kwa kidole: "Humu andika ulichokiona. Usiandike ulichopenda kukiona." Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kitu anachokijua.

Walter alikuwa mtu wa miaka kama hamsini, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama. Alikulia kwenye taasisi kubwa ya serikali tangu akiwa mtoto mdogo, na jina la taasisi hiyo hakulisema kamwe. Aliiita korido. Kule chakula usipokimeza haraka kilichukuliwa na mwingine, kwa hiyo alizoea kumeza bila kutafuna, na tabia hiyo ilikuja naye hadi Woodbridge. Alikuwa akipaliwa. Mara mbili mbele ya macho yangu uso wake uligeuka rangi ya majivu, na mara zote mbili Bi Saumu ndiye aliyemwinamisha na kumpiga mgongoni hadi tonge likatoka. Ndiyo maana kaunti ilimlipia mtu wake wa pekee mchana, wa kukaa upande wake wa kulia wakati wa kula, mkono karibu na sahani lakini bila kuigusa, akimwambia tafuna, tafuna, sasa meza. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Walter alisema maneno machache ya Kiingereza, nami nayageuza hapa. Maneno mawili aliyachukua kwetu yalivyo: chai na karibu. Kila siku saa nne nilichemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikaimimina kwenye chupa ile ya kubonyeza juu, nikapanga vikombe kwenye sinia. Walter alibonyeza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alibonyeza kwa kiganja chote, macho kwenye kikombe, akiacha kabla hakijajaa, kisha akakileta kwa mikono miwili: "Karibu." Ilimchukua karibu mwaka mzima kujifunza kuacha kabla hakijamwagika. Sijawahi kujivunia jambo la mtu mwingine kiasi kile.

Tukaenda hivyo miaka kadhaa. Halafu nyumba za majirani zikaanza kubandikwa vibao vya kuuzwa, kwanza moja mtaani, baadaye karibu kila ya tatu, na kaunti ikaanza kusema kwamba mfuko umekauka. Meneja alituita akatuambia kila mkazi atapimwa upya, kuona anahitaji saa ngapi za kusaidiwa. Atakuja mama mmoja wa kaunti na faili. Mimi nilisikia faili na kaunti, nikamaliza mwenyewe yaliyobaki. Ukaguzi.

Ninyi mngefanya nini, sijui. Mimi nilifanya walichonifanyia watu wa Kisii miaka ishirini. Nilipiga deki kabla jua halijachomoza. Nilibadilisha mapazia. Walter nilimwogesha, nikamnyoa, nikamvisha shati jeupe la kanisani na kumfungia vifungo vyote hadi shingoni. Shuka alizolowesha usiku zilikuwa zimeshafuliwa na kukauka. Nilikaanga mandazi.

Yule mama alikuwa mpole mno, na kwangu mimi mkaguzi mpole ni wa kuogopwa mara mbili. Alisifu mapazia. Aliniuliza maswali yake polepole, akiweka alama kwenye vijisanduku.

"Anavaa mwenyewe?"

"Yuko smart sana, kama unavyomwona," nikajibu.

"Usiku anakaa mkavu?"

"Hapa hakuna shida kabisa, madam. Nyumba haina harufu yoyote."

"Anakula bila matatizo?"

Nilimwambia anakula vizuri na anapenda kila kitu. Mandazi nilimpa mgeni peke yake. Walter aliponyoosha mkono nilimnong'oneza kwamba sisi tutakula baadaye, kwa sababu nilijua akipaliwa mbele ya faili tumekwisha. Kisha nikamwita alete chai. Alibonyeza, akaacha mahali pake, akakileta kikombe kwa mikono miwili. "Karibu." Mama yule alishika kifua kwa furaha.

"Ameitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema, na Walter akacheka kwa sauti.

Nilipomsindikiza mgeni hadi mlangoni nilijua tumefaulu. Kilichonikera kilikuwa kitu kimoja tu: Bi Saumu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kwa zamu yake, alimfuata yule mama hadi garini. Niliwaona kupitia dirishani. Bi Saumu alizungumza kwa mikono, yule mama akatingisha kichwa, wakaagana. Nilipomuuliza walikuwa wakisemezana nini, alisema, "Ya kazi tu, Mzee." Jibu hilo nililiweka akiba.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema Walter ana uwezo mkubwa wa kujitegemea, na kwa hiyo saa za mtu wake wa pekee zimefutwa. Kampuni nayo ikasema haiwezi kumlisha salama na mhudumu mmoja kwa watu watatu. Kaunti isipobadilisha uamuzi, Walter arudi kwenye taasisi. Korido. Meneja alitamka hilo jikoni akidhani Walter haelewi, na Walter akashuka kwenye kiti chake, akaingia chini ya meza. Ilinichukua muda mrefu kumtoa.

Sasa nisikilizeni nilivyo mtu wa ajabu. Nilikaa kwenye basi nikiwaza nani ametuuza. Meneja nilimfikiria siku mbili nikamwacha, kwa sababu kampuni ingepoteza. Jirani nilimfikiria pia, yule wa mbwa. Mwisho nilirudi kwa Bi Saumu na ule mkutano wa garini. Nilikumbuka aliwahi kusema saa zake za nyumba ya pili zimepunguzwa. Nikaunganisha: amemwambia mama wa kaunti kwamba Walter hahitaji mtu, ili mimi niondoke na zamu zigawanywe upya. Kila kitu kikakaa mahali pake vizuri sana, na hilo lenyewe lingepaswa kunishtua. Niliacha kumwitikia salamu. Alisema, "Umeamkaje, Mzee Makori?" nami nikafungua kitabu cha zamu na kusoma yaliyoandikwa jana. Nilifanya hivyo wiki sita.

Kampuni ilikata rufaa, ikasikilizwa kwenye jengo la kaunti, chumba chenye meza ndefu na majagi ya maji. Walter alikuwa na haki ya kuwepo, na alitaka kuja kwa sababu ya safari ya gari. Nilimketisha upande wangu, mbali na Bi Saumu. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya maneno niliyopanga kusema juu ya wafanyakazi wanaouza wenzao.

Mwenyekiti, mama mzee mwenye miwani ya kamba, alimwomba yule mama wa kaunti asome maelezo yake. Akasoma. Mhudumu wa mchana, bwana mmoja kutoka Kenya, alieleza kwamba mkazi huvaa nadhifu, hana tatizo la usiku, hula vizuri chakula cha kila aina, na hutengeneza chai mwenyewe. Akageuza ukurasa. Mhudumu wa pili alimfuata garini na kumweleza kinyume cha hayo, kwamba mkazi hupaliwa na huhitaji kusaidiwa kwa kila kitu, lakini yeye alishayaona mambo kwa macho yake, na chai aliinywa.

Sikuthubutu kumtazama Bi Saumu. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, na jina la msaliti lililoandikwa humo lilikuwa la mtu pekee aliyejaribu kumwokoa Walter.

"Bwana Makori," mwenyekiti akasema, "hayo ni maelezo yako?"

"Ndiyo, madam. Nilidhani ni inspection."

Hawakuelewa, na singeweza kuwaeleza hoteli za Kisii. Akauliza tena, neno moja moja. "Je, Walter hutengeneza chai mwenyewe?"

Walter alisikia chai akakaa wima. Alikuwa anatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Chai natengeneza mimi. Yeye hubonyeza chupa."

"Mimi," Walter akasema.

"Hapana, Walter."

"Mimi natengeneza." Akaweka kiganja chake juu ya meza, akakibonyeza chini mara mbili, awaonyeshe.

Mwenyekiti alinitazama akisubiri. Nikasema, "Hatengenezi. Hawezi kukaribia jiko. Tukimwacha ataungua." Kisha nikasema yote yaliyobaki, kwa sababu ukianza huachi katikati. Nikasema vifungo ni vyangu. Nikasema juu ya shuka. Nikasema juu ya mandazi niliyomnyima, na rangi ya uso wake anapopaliwa. Kwa kila jambo kichwa cha Walter kilishuka kidogo. Katika kazi ya bwana afya nilifunga biashara za watu wakiwa wamesimama na watoto wao, na sikuwahi kuona aibu kama niliyoiona siku hiyo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nje, kwenye maegesho, nilimfuata Bi Saumu.

"Bi Saumu, nisamehe. Nilidhani ni wewe."

"Najua ulidhani ni mimi. Wiki sita huniitikii salamu, ningekosaje kujua?" Alifungua mlango wa gari, akageuka. "Kwa nini hukuniuliza tu, mwenzangu? Siku ile nilikujibu kwa mkato kwa sababu Walter alikuwa amesimama nyuma yako. Sikutaka asikie nikimtaja kwa yale ya kupaliwa na kusaidiwa."

Akaelekeza kidevu kwenye kiti cha nyuma, alikokwisha kaa Walter. "Nenda kwanza kwa anayestahili kuombwa radhi."

Nilikaa kando ya Walter nikamwomba radhi. Alitazama dirishani njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Umesema hapana."

Saa zake zilirudishwa. Alibaki kwenye chumba chake, na kitanda chake kipo palepale mnapokitandika. Hilo ndilo nililolipata, na ningelitaka tena kwa bei ileile, ingawa si mimi niliyelipa.

Maana tangu siku hiyo Walter hakuigusa chupa. Nilichemsha, nikapanga vikombe, nikamwita, akakaa. Zaidi ya hayo, akaanza kuwa kama mimi, kuona ukaguzi kila mahali. Mtu yeyote aliyeingia na mkoba au karatasi, awe fundi wa bomba, awe mchungaji aliyekuja kuomba naye, Walter alikalia mikono yake yote miwili na kusema, "Siwezi." Mwaka uliofuata yule mama mpole alirudi na faili. Anavaa? Siwezi. Anakula? Siwezi. Alimuuliza jina lake ni nani, na Walter akajibu hivyo hivyo. Alama zilikuja zimejaa, saa zikaongezwa, na kampuni ikatununulia pizza. Mimi sikuila.

Kwa hiyo kama mnataka wosia wa kazi, ni huu mmoja. Faili la huku linataka kusikia yale uliyolelewa kuyaficha. Liambieni, bila kupunguza. Lakini kabla hamjaingia chumba kile, kaeni na mkazi mwenyewe, mwambieni: leo nitasema mambo yako mabaya tu, kwa sababu wanalipia mabaya, na mazuri yako ninayajua. Mwambieni hata kama mnadhani haelewi. Mimi sikumwambia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Kijana wa zamu alinifungulia, akarudi jikoni, na harufu ya tangawizi ikanifikia ukumbini. Walter alikuwa kwenye kiti chake. Nilikuwa na begi langu la zamani la kazini, ambalo nalibeba kwa mazoea. Alilitazama begi, akaingiza mikono chini ya mapaja.

"Karatasi?" akauliza.

"Hamna karatasi, Walter. Siku hizi mimi ni mgeni."

Hakuamini, na mimi ni nani wa kumlaumu. Nilifungua begi nikatoa kila kitu mezani: mwavuli, kadi ya basi, miwani, dawa zangu za presha, ndizi moja. Aliliinua begi, akalipindua, akaingiza mkono hadi kwenye kona, akaukagua mfuko wa zipu, akaufunga. Nilikagua watu miaka mingi na sikuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Halafu akasimama. Chupa ilikuwa kwenye sinia palepale. Aliweka kiganja juu yake, akabonyeza, macho kwenye kikombe, akaacha kabla hakijajaa. Alikileta kwa mikono miwili, hakumwaga hata tone.

"Karibu," akasema. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Usiandike."

Nilimwambia siandiki. Nimeandika, lakini nimeandika kwa Kiswahili. Na ninyi mliosoma hadi hapa, siku mtu wa faili atakapowauliza kama Walter anaweza kumimina chai, jibu mnalijua.